Majibu Yangu Yako kwa Mahimbo

1.

UJUMBE WA MFUMO. TAFADHALI USIJIBU.

Ndugu mtumishi,

Barua pepe iliyotumwa kwenye anwani yako imezuiliwa kwa ukaguzi.

Mtumaji: Hospitali, Kitengo cha Maabara
Kichwa cha habari: MAJIBU YA KIPIMO CHA TITI – SINGANO, SAUMU
Kiambatisho: kimoja (kimefungwa kwa neno la siri)
Sababu ya kuzuiliwa: si ya kikazi

Kwa maelezo zaidi muone Afisa Kompyuta.

2.

Si ya kikazi.

Hapo mfumo haujakosea. Titi ni langu. Halijawahi kupakua kontena wala kujaza fomu ya forodha.

3.

Nijitambulishe, maana wengine wote katika jengo hili wameshanifahamu kuliko ninavyopenda. Naitwa Saumu Singano. Ni karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tanga, ghorofa ya pili, meza iliyo chini ya feni mbovu. Siku moja nikiwa bafuni nilijipapasa nikakuta kitu. Hospitali wakachukua kinyama kwa sindano, wakaniambia nisubiri majibu. Nimesubiri. Leo Ijumaa asubuhi majibu yamefika, na hayakufika kwangu.

Dada yangu Zaina alikufa kwa saratani ya titi. Alituficha mpaka mwisho, na mama akaja kuambiwa na jirani wa Zaina, mtu wa kupita tu, tena msibani kwa watu wengine. Tangu siku ile mama ana kauli moja: mambo ya watoto wangu niyasikie kwenye vinywa vyao. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mdogo sana. Nipate majibu. Niyasome peke yangu. Kesho niende Muheza, nikae na mama jikoni, nimwambie mwenyewe. Yawe mazuri, yawe mabaya.

Mwenyewe.

Hicho tu ndicho nilichokuwa nakilinda. Sikuwa na siri za serikali.

4.

Niliyoyafanya, ili msije mkasema sikujihadhari:

– Barua zangu binafsi nazisomea kwenye simu yangu, kwa bando langu. Mtandao wa ofisi siugusi, hata siku ambayo bando limekata na wenzangu wote wanacheka video.

– Simu siichomeki kwenye kompyuta ya kazini hata kwa kuchaji. Ukutani tu.

– Vyeti vyangu, picha za ndoa iliyokufa, hati ya kiwanja: viko nyumbani kwenye flashi. Haviko kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ndiyo, ya mtu mwingine. Unaikalia mbele mwaka hadi mwaka, unaipangusa vumbi, unaiita yangu, halafu siku wakikufukuza unatoka na mkoba na mwavuli.

– Neno langu la siri simpi mtu, hata nikienda likizo. Hili liliniletea barua ya onyo.

– Sera ya kompyuta niliisoma yote kabla ya kusaini. Wenzangu walisaini wamesimama, kalamu ikipita mkono kwa mkono.

– Nikitaka kusoma kitu changu natoka nje, nyuma kule kwenye jenereta. Wananiita Afande.

– Hospitali niliandika anwani yangu binafsi kwa herufi kubwa. Nikamsomea dada wa mapokezi mara mbili.

Mara mbili.

5.

Sasa sikiliza ilivyotokea, na kama una hasira zako za akiba zitoe.

Kadi ya bima ya afya tunajaziwa na Afisa Utumishi, Bwana Kaoneka. Anatujazia wote kwa mkupuo, na pale penye barua pepe anaweka ya ofisi, kwa sababu ndiyo anayoijua na hapendi kuuliza. Dada wa mapokezi alichukua anwani yangu niliyomsomea, akaiandika vizuri kabisa kwenye karatasi, akatabasamu. Halafu akapitisha kadi kwenye mashine. Mashine ikaleta anwani yake yenyewe. Karatasi ikaishia kwenye ndoo ya taka.

Nimejifungia milango yote ya nyumba, na ufunguo wa akiba ameuacha mwajiri nje.

6.

WARAKA WA NDANI

Kwa: Watumishi wote
Yah: MATUMIZI YA KOMPYUTA, MTANDAO NA BARUA PEPE

Uongozi unawakumbusha watumishi kwamba kompyuta, mtandao na anwani za barua pepe za Kampuni ni mali ya Kampuni. Kwa mantiki hiyo, kila kilichomo, kinachoingia, kinachotoka au kinachopita ni mali ya Kampuni, au kitachukuliwa kuwa hivyo mpaka ithibitike vinginevyo.

Barua zisizo za kikazi zitazuiliwa. Mtumishi anayedai barua iliyozuiliwa atajaza fomu, ataeleza yaliyomo katika barua hiyo, na ataiwasilisha kwa Afisa Utumishi kwa ajili ya saini.

Faragha ya mtumishi itaheshimiwa wakati wote.

A. Kaoneka
Afisa Utumishi

7.

*Mahimbo, Afisa Kompyuta, anajieleza. Hakuna aliyemuuliza.*

Mimi sisomi barua za watu, hilo lieleweke. Mfumo ndio unasoma. Mimi naletewa orodha tu. Na orodha yenyewe kila siku ni upuuzi: matangazo ya viatu, ratiba ya kwaya, mtu anauziwa kuku wa kisasa. Leo nikaona lile jina, na lile neno pembeni yake. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Dada Saumu ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa hapa, akanionyesha hata choo kipi kina maji. Nilikaa na lile jambo kifuani, likanishinda. Nikamwambia Bi Pili wa uhasibu. Basi. Mtu mmoja. Tena Bi Pili si mtu wa umbeya, ni mwenyekiti wa Mfuko wa Faraja.

Kiambatisho sikukifungua. Neno la siri ni namba ya kadi ya bima, hospitali wenyewe wameandika humo humo kwenye barua. Namba zetu zote ziko kwenye kabati la Kaoneka, na kabati halina kufuli tangu lilipohamishwa. Kwa hiyo ningeweza. Lakini sikufungua.

Sikufungua.

Mbona unaniangalia hivyo?

8.

[Kipande hiki kimezuiliwa kwa ukaguzi. Sababu: si cha kikazi.]

9.

*Bi Pili amekuondoa kwenye kundi.*

Hayo ndiyo maneno yaliyotokea kwenye simu yangu, wakati nimesimama mbele ya mashine ya kunakili.

Kwa wewe usiyefanya kazi na sisi: Mfuko wa Faraja una kundi lake kwenye simu. Mtu akifiwa, au akiugua ugonjwa wa kutisha, Bi Pili humuondoa kwanza kwenye kundi ili wengine wapange mchango bila yeye kuona haya. Akishapewa, anarudishwa, watu wanamwandikia pole na mikono ya dua. Ni utaratibu mzuri. Nimechangia miaka yote na sijawahi kuulaumu. Lakini ndiyo maana kila mtu hapa anajua maana ya kuondolewa. Ama kuna msiba nyumbani kwako, ama msiba ni wewe.

Nikatazama simu. Hakuna ndugu aliyekuwa amenipigia. Hakuna aliyekufa.

Basi

ni

mimi.

10.

*Kundi la Faraja, bila mimi. Mahimbo alinionyesha baadaye.*

BI PILI: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Wapendwa, mwenzetu mmoja yuko kwenye mtihani mzito. Kwa heshima yake sitasema ni nani wala anaumwa nini.

MAGARI: Ni Saumu? Naona ameondolewa

BI PILI: Nimesema sitasema.

MAPOKEZI: Jamani Saumu wa nyaraka

MAGARI: Anaumwa nini

BI PILI: Tusiulizane maswali. Titi.

MLINZI WA MCHANA: Ee Mwenyezi Mungu

MAPOKEZI: Lakini amepimwa? Majibu yameshatoka

BI PILI: Majibu mazuri mtu anaambiwa kwa mdomo. Yakiandikwa na kufungiwa ujue.

MAGARI: Kweli

BI PILI: Namba ya mama yake nimeipata kwenye fomu ya ndugu wa karibu. Nampigia mwenyewe sasa hivi, kwa hekima.

11.

Kwa hekima.

12.

Yaliyosikika ukumbini, kati ya meza yangu na chooni:

"Mpishe. Mpishe akae."

"Mama yangu mdogo alichemsha majani ya mstafeli, leo anacheza ngoma."

"Amepungua, au ni lile gauni?"

"Usimwangalie." "Simwangalii." "Unamwangalia."

Dereva ambaye hajanisalimia tangu aajiriwe ameniletea maziwa ya moto na kitumbua. Nimekula kitumbua. Nilikuwa na njaa, na hasira inachosha.

Kilichoniudhi zaidi si huruma yao. Ni kwamba nilianza kuwapeleleza. Huyu aliyenitazama kwa machozi, pengine amekifungua kiambatisho na ameona. Yule aliyenipa mkono tu, pengine hajui kitu. Au ameona ni salama ndiyo maana ametulia? Au ndivyo alivyo? Nikawa natafuta afya yangu kwenye sura ya mtu wa idara ya magari. Mtu anaweza kufikishwa mahali pa aibu kama hapo, na bado mwajiri akaandika kwamba faragha itaheshimiwa.

13.

Nilikwenda kwa Mahimbo nikamwambia anipe barua yangu. Akaniomba radhi kwanza, kwa kirefu, mpaka nikamwambia radhi nimezipokea, sasa barua. Akasema hawezi kuiachia bila saini ya Kaoneka. Kaoneka yuko wapi? Dodoma, semina. Semina ya nini? Mahimbo akatazama kibodi yake. Semina ya kulinda taarifa za watumishi.

Simu ya Kaoneka imezimwa. Bila shaka wameambiwa wazime.

Nikapiga hospitali. Dada wa maabara alikuwa mpole sana. Alisema majibu wameshayatuma, kwenye mfumo wao yanaonekana yamepokelewa, kwa simu hawaruhusiwi kusoma kwa sababu ya usiri wa mgonjwa. Kuyatuma upya kunahitaji daktari, na daktari ameshatoka, mpaka Jumatatu.

Nikamuuliza usiri wa mgonjwa maana yake nini.

Akasema, maana yake hatumwambii mtu mwingine yeyote, dada.

14.

FOMU YA KUDAI BARUA ILIYOZUILIWA

Jina la mtumishi: *Saumu Singano*

Idara: *Nyaraka*

Eleza kwa ufupi yaliyomo katika barua unayodai: *Sijui.*

Kama hujui, eleza sababu: *Mmenizuia kuisoma.*

Je, yaliyomo yana uhusiano na kazi za Kampuni? *Yakiwa mabaya, ndiyo. Mtahitaji karani mwingine.*

Je, mtumishi alichukua tahadhari kuhakikisha barua binafsi haziingii katika mfumo wa Kampuni? *Muulizeni aliyejaza kadi.*

Saini ya Afisa Utumishi:

15.

*Bi Pili. Alinishika mkono akanivutia kwenye chumba cha chai, akasema haya:*

Nisikilize, Saumu, kisha unitukane ukitaka. Mume wangu aliumwa akiwa ofisi nyingine hapa mjini, ofisi kubwa tu. Hakumwambia mtu. Mwanaume, unajua. Akawa anakuja kazini amevaa koti kuficha mwili. Siku ya kuzika walikuja watu wawili, na mmoja alikuwa anafuata funguo za gari. Nikasema, popote nitakapofanya kazi, mtu hatazikwa hivyo. Ndiyo nikaanzisha Faraja. Sasa unataka nijue mwenzangu anaumwa, nikae nahesabu risiti?

Nikamwambia, Bi Pili, mimi sijafa.

Akalia. Na mimi nilitamani kulia naye, maana nampenda yule mama na alikuwa anasema kweli yake. Lakini nilikuwa na hasira, na chozi lilikataa. Nilichomuuliza ni kitu kimoja tu, kama ameshampigia mama.

Akafuta macho kwa pembe ya mtandio.

Ameshampigia.

16.

Simu.

"Saumu."

"Shikamoo mama."

Hakuitikia.

"Kuna mwanamke wa kazini kwako amenipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema, kumbe hujaambiwa."

Nilikuwa kwenye ngazi, nimekaa.

"Umewaambia wao," mama alisema. "Ofisi nzima. Mpaka mlinzi. Miye ndiye wa mwisho."

Nikamweleza. Nikamwambia sikumwambia kiumbe, barua ilipelekwa kusiko, ikanaswa na kompyuta, mtu akaona jina. Nilijisikia ninavyosema, na kweli ilisikika uongo, tena uongo wa mtoto aliyevunja sahani.

"Mtu hajui ugonjwa wa mwenzake asipoambiwa. Usinifanye mjinga, mwanangu. Zaina alinificha kwa kuwa alidhani nitatangulia kufa kwa uchungu. Weye umenificha kwa nini?"

Nikasema, mama, nilikuwa nije kesho

Akakata.

17.

Wewe unayesoma hii, pengine uko kazini. Pengine umeificha kwenye dirisha dogo nyuma ya jedwali la mauzo. Sikuambii uache. Nakuuliza tu kadi yako ya bima alijaza nani. Na fomu ya ndugu wa karibu, uliandika namba ya nani, na iko kwenye kabati gani.

Nenda kaangalie. Ukirudi nitakuwa bado hapa, nimekasirika vile vile.

18.

Mama alikuja mchana, kabla ya alasiri, khanga kichwani na mkoba wake wa msibani. Kamati ya Faraja ilikuwa mapokezi na bahasha yake na katoni ya juisi. Wakamwamkia wote, naye akaitikia mmoja mmoja, kwa utulivu, kama inavyotakiwa. Kisha akawapita. Bi Pili alibaki amenyoosha bahasha.

Mimi hakunitazama. Aliuliza chumba cha kompyuta kiko wapi.

Mahimbo alisimama.

"Weye ndiye unayesoma barua za watu?"

"Shikamoo mama. Si mimi. Ni mfumo."

"Marahaba. Mfumo ndiye nani? Mwite."

Mahimbo aligeuka akaangalia mashine zake, akamwangalia mama, akakosa wa kumwita. Mwishowe akafanya kitu pekee cha maana alichofanya siku ile: akamgeuzia mama kioo cha kompyuta, akamwonyesha orodha. Mama alivaa miwani. Akasoma viatu, akasoma kwaya, akasoma kuku. Akafika kwenye jina langu. Alisoma mstari ule mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

Akavua miwani.

"Kumbe kweli," alisema.

Hayo tu. Sikujua ni kiasi gani nilikuwa nimeogopa kubaki mwongo machoni pa mama, kuliko hata nilivyoogopa ugonjwa.

"Mpe mwanangu barua yake."

Mahimbo akaanza habari za saini. Mama akavuta kiti, akakiweka katikati ya chumba, akakaa, akaweka mkoba mapajani. Akasema hana haraka, atamsubiri huyo mwenye saini mpaka arudi Dodoma, ila wamletee maji ya kunywa. Mahimbo akaketi, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Nimeiachia," alisema. "Wataniandikia onyo."

Hakuna aliyempa pole.

19.

Mezani kwangu, watu walikuwa wamesimama nusu duara, na wale wa idara ya magari mlangoni. Sikuwaita. Mama aliwatazama.

"Nawashukuru kwa moyo wenu," alisema. "Sasa tokeni."

Wakatoka. Bi Pili alitoka wa mwisho, akavuta mlango kwa mikono miwili usipige kelele.

Ningeweza kuirusha barua kwenye simu yangu, tukatoka, tukaenda kuisomea mbali. Ndivyo Afande angefanya. Lakini nilichoka. Mwaka mzima, miaka yote, najificha mimi, ambaye sijaiba kitu. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na maandishi madogo: *Matumizi ya kompyuta hii yanarekodiwa.* Yarekodiwe.

Nikafungua barua. Nikaweka namba ya kadi.

Kiambatisho kilipoanza kufunguka, mama alinyanyuka akafunika kioo kwa kiganja.

"Wao kama wanajua, wanajua," alisema. "Miye bado sijaambiwa. Wala weye. Usitangulie kwa macho. Soma kwa mdomo, tusikie pamoja."

Akaacha wazi mstari wa juu tu.

"Jina la mgonjwa," nikasoma. "Saumu Singano."

Kiganja kikashuka kidogo.

"Jinsia, mwanamke."

Kikashuka.

"Sehemu iliyochukuliwa kipimo. Titi la kushoto."

Mkono wake ulikuwa na mishipa, na pete ya fedha iliyombana kidole. Wangu niliubana katikati ya magoti.

"Endelea," mama alisema.

Nikasema, mama, mstari unaofuata ndio

"Najua."

Akashusha kiganja.